Dar au Dodoma: usihamishe kabati kwanza

Ndugu, nimekuelewa: umepata uhamisho kwenda Mtumba, kwenye Mji wa Serikali Dodoma, mkeo ana genge lake Kimara, Dar, linalolipa, na watoto wawili wako shule ya msingi. Hujui uhame na familia au utangulie peke yako.

Mimi nilitangulia, nikakaa miezi minane chumba kimoja Ihumwa, hukohuko Dodoma. Ningerudia, ningefanya vilevile. SGR, treni ya umeme ya kutoka Dar, ilianza kufika Dodoma 2024, safari ya saa tatu na ushee, kwa hiyo Ijumaa jioni unapanda na usiku huohuo unakula kwako.

Foleni ya Kimara utaisahau haraka. Maji ndiyo shughuli. Kabla hujalipa kodi, fungua bomba mwenyewe, kisha muulize jirani (si dalali!) maji yanatoka siku zipi. Nyumba isiyo na simtanki achana nayo. Vumbi la Agosti nalo si mchezo, linapenya hadi kwenye sufuria iliyofunikwa. Kama mtoto ana pumu, mwone daktari kabla ya kumhamisha.

Biashara ya mkeo msiivunje kwa matumaini. Aje wiki mbili, azunguke Majengo sokoni, apige hesabu mwenyewe. Wateja wa Kimara hawamfuati.

Wenye nyumba wengi watataka kodi ya miezi sita. Jaribu kuomba mitatu. Na kiwanja usinunue mwaka wa kwanza. Ukishikwa na hamu, hakiki ofisi ya ardhi na umtumie mwanasheria, kwani kiwanja kimoja huuzwa kwa watu watatu.