Usilipie ruta kabla hujalinganisha anwani mbili

Simama hapo hapo. Hiyo ruta, kile kifaa cha kusambaza intaneti, usiilipie.

Unasema una duka la pembejeo Kasese na ghala Kampala, unataka kompyuta zako mbili zionane moja kwa moja kwa programu huria, bila faili kulala kwenye seva ya mtu. Unauliza programu ipi ni nyepesi, kama picha za kamera za ghala zitapita humo, halafu unatupia mwishoni kwamba fundi amesema "nunua ruta hii ya laini, nitakufungulia poti, kazi imekwisha." (Poti ni kimlango chenye namba ambacho data hupitia.) Hapo ndipo tumbo liliponikata. Maneno hayo hayo niliuziwa mimi na kijana mmoja pale Kampala mwenye kompyuta iliyojaa stika.

Fanya hivi leo, ni bure. Ingia kwenye ukurasa wa ruta unayotumia sasa, tafuta anwani ya IP (namba ya kutambulisha kifaa mtandaoni) iliyoandikwa WAN, yaani upande wa nje. Kisha kwenye kompyuta iliyo kwenye ruta hiyo hiyo, fungua tovuti yoyote inayokuonyesha anwani yako ya nje. Zikilingana, mwite fundi wako. Zikitofautiana, na hasa ile ya ruta ikianza na 10 au ikiangukia kati ya 100.64 na 100.127, fungua poti zote 65,535 ukipenda, hakuna atakayeingia.

Sababu ni kwamba anwani za IPv4, yaani aina hizi unazolinganisha, zimeadimika. AFRINIC, wanaozigawa Afrika, waliingia awamu ya pili ya uhaba Januari 2020, na tangu hapo kampuni ikiomba haipewi zaidi ya 1,024 kwa ombi moja. Kwa hiyo kampuni za simu hurundika wateja nyuma ya anwani moja. Kile kipande cha 100.64 kilitengwa 2012 kwa kazi hiyo hiyo. Wewe ni mpangaji kwenye mizigo, vile vyumba vya kupanga vyenye geti moja: unaacha mlango wa chumba chako wazi usiku kucha huku geti la nje amelifunga mwenye nyumba na ufunguo kaondoka nao.

Sasa sikia nilivyoliwa. Nina duka la vipuri vya bodaboda Arua na stoo Kampala. Fundi alifunga ruta stoo, akafungua poti, akatoa simu yake, orodha ya vipuri ikafunguka pale pale. "Umeona, boss?" Nikaona, nikalipa. Simu yake ilikuwa kwenye Wi-Fi ya ruta ile ile! Hata bila poti ingefunguka. Ukipimiwa, zima Wi-Fi ya simu, tumia bando la kampuni nyingine, na simu iwe mkononi mwako, si mwake.

Nikapanda basi la usiku pale Arua Park, Kampala, asubuhi nafika dukani, kompyuta inazunguka tu. Nampigia, anasema antena ni ndogo. Nikanunua antena. Video za YouTube zikawa tamu kweli, lakini kompyuta hazikuonana. Akasema sasa nilipie jina la DDNS, yaani jina linalofuata anwani yako kila inapobadilika. Jina likafuata kwa uaminifu anwani ya kampuni ya simu, ambayo si yangu. Ndipo akanituma kwa kampuni yenyewe nikanunue anwani isiyobadilika, ya kulipia kila mwezi. Banange, hiyo ndiyo iliyonimaliza. Na haikubadilika kweli: ilianza na 10 siku ya kwanza, ikaendelea kuanza na 10 hadi nilipoacha kulipa. Mhudumu aliniuzia nilichoomba. Hakuna aliyenituma kuuliza kama inafikika kutoka nje. Kwa safari zile za kwenda na kurudi, nyani wa Karuma walikuwa wanakaribia kuniita kwa jina. Fundi naye? Simu haipatikani.

Kinachofanya kazi ni kinyume cha alichoniuzia: kompyuta zote mbili ndizo zianze kutuma kwenda nje. Kila moja inapotuma pakiti za UDP, yaani vifurushi vidogo vya data, geti la kampuni linakumbuka kwa muda ni nani katoka na kwa poti gani. Kompyuta ya tatu, seva iliyo wazi mtandaoni, inaambia kila upande anwani ya mwenzake inavyoonekana nje, kisha wote wanatumiana kwa pamoja na majibu yanapenya. Syncthing, programu huria ya kusawazisha faili kati ya kompyuta, inajaribu hilo yenyewe, bila kugusa ruta. Tazama aina ya muunganisho kwenye ukurasa wake: ikiandika QUIC WAN au TCP WAN, mmeonana. Ikiandika Relay WAN, mnapitia kwa mpatanishi. Hawezi kusoma faili zako, zimefungwa kwa msimbo wa siri kutoka mwisho hadi mwisho, ila mwendo utakuwa wa kobe. Hutokea sana pale mtandao unapobadilisha poti kwa kila unayemtumia. Anwani uliyoambiwa inakuwa ya uongo papo hapo.

Ukikwama hapo, kodi seva ndogo yenye anwani ya umma, weka WireGuard, programu huria ya kuunganisha kompyuta kwa njia ya siri, na kompyuta zote mbili ziipigie hiyo. Kwenye faili ya kila moja andika PersistentKeepalive = 25, ili kila sekunde 25 itume kitu na geti lisiisahau. Ndiyo, ni seva, najua hukutaka. Lakini ni yako, na haihitaji ruta mpya wala antena.

Ukishalinganisha, rudi hapa uandike mafungu mawili ya mwanzo tu ya kila anwani, kama vile 100.64, ya Kasese na ya Kampala. Usibandike nzima, humu tuko wengi. Na huyo fundi akikupigia kuhusu malipo ya awali, mwambie ruta ibaki kwanza dukani kwa anayeiuza.