Kabla hujaiongezea kasi Color Computer yako

Wewe unayeanza kuchezea kompyuta za zamani, jifunzie kwenye TRS-80 Color Computer, ile iliyotolewa na Tandy ya Marekani mwaka 1980. Kuiongezea kasi hakuhitaji bisibisi wala lehemu. Unaandika amri ya POKE 65495,0, unabonyeza ENTER, na prosesa ya 6809E inapanda kutoka megahezi 0.89 hadi 1.78 kila inaposoma ROM, kumbukumbu ya kudumu isiyoandikwa upya. BASIC, lugha unayoandikia programu, imo humo kwenye ROM, kwa hiyo programu yako inaanza kukimbia papo hapo. Picha haiharibiki, maana RAM, kumbukumbu ya muda inayobeba programu yako na picha ya skrini, bado inasomwa kwa mwendo wa kawaida.

Utamu huo ndio ulioniponza. Niliandika programu kwa siku tatu, nikaihifadhi kwenye kaseti bila kurudisha kasi. Kaseti ikazunguka, OK ikatokea kwenye skrini, nikalala na amani. Kesho yake haikusomeka. Nilijaribu kwa mwendo wa kawaida, nikajaribu kwa kasi ileile, jibu likawa ?IO ERROR, yaani hitilafu ya kusoma au kuandika. Niliumia sana. Mashine hii hutengeneza sauti ya kaseti kwa kuhesabu hatua za prosesa. Ukizikimbiza hatua, sauti nayo inapanda, na kinachorekodiwa si kile inachotarajia kusikia.

Kwa hiyo andika POKE 65494,0, inayorudisha mwendo wa kawaida, kabla ya CSAVE (kuhifadhi kwenye kaseti), CLOAD (kusoma kaseti), printa au diski. Mimi siku hizi naiweka ndani ya programu yenyewe, nisitegemee kumbukumbu.

POKE 65497,0 ni jambo jingine. Hiyo inaharakisha hata RAM, na skrini inajaa takataka mpaka uandike POKE 65496,0 bila kuona unachoandika. Itumie kwa mahesabu marefu tu.

Kuhusu chipu zenyewe: 6809E ya kawaida imepimwa kwa megahezi 1. Kuna zinazovumilia, kuna zinazoganda. Ikiganda, zima, ukiwasha inarudi kwenye mwendo wake. Ukitaka uhakika, tafuta 68B09E, iliyopimwa kwa megahezi 2 na yenye miguu ileile. Ila SAM, chipu inayogawa mapigo, huwa ya moto hata bila kuharakishwa, na haitengenezwi tena. Usifunike matundu ya hewa.

Jaribio lako la kwanza liwe programu fupi ya kuhesabu, uliyokwisha kuihifadhi. Iache ikimbie nusu saa huku ukiitazama.