Hii Faili Niliitoa Wapi?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Mi nina ugonjwa wa kusevu vitu. Nikiona PDF nzuri nadaunlodi, picha za zamani za ukoo nimeskani, zingine watu wamenitumia WhatsApp, na sasa nina folda moja inaitwa "Muhimu" ina faili kama 4,000 na nusu yake sijui zilitoka wapi. Juzi kuna mtu kaniuliza picha fulani alipiga nani na nilipewa na nani, nikabaki nimeduwaa. Kwani kompyuta si inajua yenyewe faili imetoka wapi? Au kuna programu ninunue? – Msomaji Aliyelemewa

JIBU: Pole, na karibu chamani. Kompyuta inajua, ila inajua kidogo na inasahau haraka. Ukidaunlodi kitu kwa brauza, Windows huibandika ile faili alama kwamba imetoka nje, mara nyingi na linki yake humo humo, na Mac nayo ina ya kwake, ukifungua maelezo ya faili unaiona linki. Raha, sio? Shida ni kwamba hiyo alama haikai ndani ya faili, inakaa kwenye mfumo wa diski, kwa hiyo ukiihamishia kwenye flashi, ambazo nyingi zinatumia mifumo ya diski ya FAT32 au exFAT isiyobeba alama hiyo, ile alama ya Windows inabaki nyuma. Ukiituma kwa barua pepe ndo kabisa, anayepokea hapati kitu.

Tarehe nazo usiziamini kihivyo. Kwenye Windows ukikopi faili, kopi inapata tarehe mpya ya kuzaliwa lakini ile ya kurekebishwa inabaki ya zamani, yaani unakuta mtoto kaanza shule kabla hajazaliwa. Kwenye picha kuna EXIF, yaani maelezo ambayo kamera inayaandika ndani ya faili yenyewe, ipo tangu 1995, inabeba aina ya kamera, saa picha ilipopigwa na wakati mwingine hadi mahali. Nzuri sana, mpaka ipite WhatsApp, manake ikitumwa kama picha ya kawaida inabanwa na EXIF inaondolewa, halafu inapewa jina kama IMG-20230104-WA0003, na hiyo tarehe ni ya safari ya WhatsApp, sio ya kupigwa picha. Dawa yake ni kumwomba mtu akutumie kama dokyumenti, inakuja nzima. Na zile ulizoskani, tarehe ni ya siku ya kuskani, ndo maana bibi harusi wa enzi za picha nyeusi na nyeupe anaonekana kaolewa 2019.

Kwa hiyo andika mwenyewe. Sio programu ya kununua, ni faili ndogo tu ya maandishi, ina jina lile lile la faili yako ila inaishia na .txt, na zinakaa pamoja. Programu za kupanga picha zinavutia lakini nyingine zinaficha maelezo yako kwenye hifadhi yao, siku zikifa zinaondoka nayo. Mi naandika hivi:

"Nimepewa na shangazi, 2024-03-11, kwa WhatsApp kama dokyumenti. Anasema alipiga mjomba. Mwaka nakisia kwa nguo, sina uhakika. Nimeizungusha tu, sijakata."

Angalia pale penye "anasema" na "nakisia". Watu wengi wanaandika jina na mwaka basi, kumbe cha maana ni umejuaje, sababu miaka kumi baadaye kisio lako litasomeka kama ushahidi na hata we mwenyewe utaliamini. Mi limenikuta hilo, nilibishana na ndugu zangu kwa jeuri kabisa juu ya mwaka niliouotea mwenyewe.

Kama imetoka mtandaoni weka linki nzima, sio jina la tovuti tu, na siku uliyoidaunlodi. Linki zinakufa, kwa hiyo kabla hujaondoka ingiza ule ukurasa kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, wanahifadhi bure, halafu andika na ile anwani yao.

Sasa ule mlima wa 4,000. Najua mkono unakuwasha uanze kuzipanga, za harusi huku, za shule kule. Tafadhali usiguse kwanza! Watu wa nyaraka wana kanuni ya tangu 1841 huko Ufaransa, kwamba karatasi zilizotoka sehemu moja zikae pamoja zisichanganywe na za wengine, na inafaa kwenye kompyuta vile vile, manake faili usiyoijua mara nyingi inatambulishwa na majirani zake. Picha tatu zisizo na maelezo zikiwa katikati ya ishirini za shangazi, unajua pa kuanzia kuuliza. Ukishazitawanya umejifungia mlango. Toa kwanza orodha ya kila kitu kilivyo, kwenye Windows fungua lile dirisha la amri (Command Prompt) ndani ya folda uandike dir /s > orodha.txt, majina yote na tarehe za kurekebishwa zinaingia humo, isevu, ndo uanze kupanga. Na usijitese kuzimaliza zote, anza na zinazoingia leo, za zamani uliza wenye kumbukumbu wakiwa bado wapo. Pengine utaandika "haijulikani" na ni sawa tu.

SWALI LA PILI, la msomaji huyo huyo: Nimesikia kuna alama ya vidole ya faili, inathibitisha ilikotoka?

JIBU: Hapana, watu wanaichanganya hiyo. Inaitwa hashi, maarufu saa hizi ni SHA-256, inakupa herufi na namba 64 na ukibadilisha hata nukta moja kwenye faili zinatoka tofauti kabisa. Kwenye Windows ni certutil -hashfile, jina la faili, halafu SHA256. Inakwambia faili haijabadilika tangu siku ulipoandika ile namba, basi. Kama ulipewa uongo, itakutunzia uongo ule ule bila mkwaruzo. Ibandike kwenye .txt yako chini kabisa, na ukitaka kuediti picha, editi kopi, ya asili usiiguse, na kopi nayo ipate .txt yake inayosema imezaliwa na ipi.