Kocha Akikuhamishia Beki ya Kushoto, Usisuse Kama Nilivyosusa Mimi

Wiki mbili zilizopita nilipokea ujumbe wa kijana mwenye umri wa miaka 19 anayecheza soka mkoani Mbeya. Aliandika kwa heshima: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni winga wa kulia tangu shule ya msingi. Kocha mpya amenihamishia beki ya kushoto na wenzangu wameanza kuniita kiraka. Nafikiria kuandika barua ya kuondoka. Naomba ushauri wako." Nilimjibu siku ile ile kwa mistari miwili tu, nikimsihi asiandike barua yoyote mpaka nitakapomweleza sababu zangu kwa kirefu. Maelezo yenyewe ndiyo haya, na nimeona niyaweke hapa kwa sababu najua wengi wenu mnaonisoma mnatamani kile anachokitamani yeye, yaani kula kwa jasho la miguu yenu na kuvaa jezi ambayo wazazi wenu wataitambua kwenye televisheni.

Neno kiraka nalifahamu vizuri, maana niliwahi kuitwa hivyo na likaniuma. Katika soka letu ni jina la mchezaji anayeweza kuziba pengo lolote, na wapo waliolibeba kwa fahari. Erasto Nyoni aliitwa kiraka kwa miaka mingi, Azam na Simba, na makocha waliendelea kumpanga leo beki, kesho kiungo. Mimi nilipoliita akilini neno hilo nilikiona kipande cha kitambaa kilichoshonwa juu ya suruali iliyochanika, kitu kisichotakiwa kuonekana.

Mwaka 2008 nilikuwa na miaka 20, namba nane, yaani kiungo wa kati, wa timu ya daraja la chini mkoani Tanga ambayo sitaitaja. Nilikuwa na pasi nzuri, nalisema hilo bila haya, na watu walikuwa wakija uwanjani wakiniita kwa jina. Katikati ya msimu beki wetu wa kushoto aliumia kifundo cha mguu, na mwalimu wetu akaniita pembeni baada ya mazoezi, akaniambia kwamba nina pumzi na nina akili ya mpira, kwa hiyo nitahamia namba tatu mpaka mwisho wa msimu. Katika maneno yale yote nilisikia la mwisho peke yake. Nilirudi nyumbani nikamweleza mama kwamba nimefukuzwa katikati ya uwanja, na nikalisema kwa namna iliyomfanya aamini kwamba nimedhulumiwa.

Nilicheza mechi 4 nikiwa beki wa kushoto, na katika mechi zote hizo nilicheza ili nionekane kwamba sipaswi kuwa pale. Nilipanda na mpira halafu nikarudi nikitembea. Niliacha winga wa timu pinzani apokee mpira akiwa peke yake, kisha nikanyoosha mikono kumlalamikia kiungo wetu. Katika mechi ya nne tulifungwa mabao mawili, yote yakipitia upande wangu, na Jumanne iliyofuata jina langu halikusomwa. Nikasusa. Kwa siku 9 sikwenda mazoezini, nikisubiri mtu aje kunibembeleza, na hakuja mtu. Nafasi ile akapewa kijana mdogo kuliko mimi, mwenye mguu wa kulia kama mimi, ambaye alikuwa akibaki uwanjani jioni akipiga mpira ukutani kwa mguu wa kushoto mpaka giza liingie. Msimu ulipoisha walikuja watu wa timu ya Ligi Kuu wakitafuta beki wa kushoto, wakaondoka naye, na alikaa katika ligi ile misimu mitano. Nilikuwa nikimwona kwenye televisheni ya kibandani nikiwa nimekaa kwenye benchi la mbao, na nilikuwa nikitoka kabla ya mapumziko.

Ndiyo maana nimeufuatilia mwendo wa James Milner, mwanasoka wa Uingereza, kwa karibu kuliko wachezaji wengi wenye majina makubwa kuliko lake. Alizaliwa Leeds tarehe 4 Januari 1986, akakua akiipenda timu ya mji wake mpaka akawa kijana wa kuokota mipira kandokando ya uwanja wa Elland Road, na mwezi Novemba 2002 aliichezea Leeds United katika Ligi Kuu ya Uingereza akiwa na miaka 16. Tarehe 26 Desemba mwaka huohuo alifunga dhidi ya Sunderland na kuwa mfungaji mwenye umri mdogo zaidi katika historia ya ligi hiyo, akiipita rekodi ambayo Wayne Rooney alikuwa ameiweka miezi miwili tu kabla yake. Kwa mwanzo kama huo, kijana yeyote angejiona amezaliwa kuwa nyota wa mbele.

Mambo hayakwenda hivyo. Leeds ilishuka daraja mwaka 2004 ikiwa imezama katika madeni, naye akauzwa Newcastle United. Bobby Robson aliyemsajili alifutwa kazi wiki chache baadaye, na aliyekuja, Graeme Souness, aliripotiwa kusema kwamba timu haiwezi kutwaa ubingwa ikiwa imejaa akina James Milner. Msimu wa 2005/06 alipelekwa Aston Villa kwa mkopo kama sehemu ya makubaliano ya kumrudisha Nolberto Solano Newcastle. Mwaka 2006, siku ya mwisho ya dirisha la usajili, uhamisho wake wa kudumu kwenda Villa ulikuwa umekaribia kukamilika, ukasitishwa saa za mwisho na akaitwa arudi. Mimi nilikuwa nimesusa kwa kuhamishwa mita 30 ndani ya uwanja uleule.

Alirudi Newcastle akacheza. Mwaka 2008 Villa walimnunua kwa kudumu, na Gareth Barry alipoondoka mwaka uliofuata, kocha Martin O'Neill alimtoa pembeni na kumweka kiungo wa kati. Hapo ndipo jambo la kwanza ambalo nataka kijana wangu wa Mbeya alione. Milner alikuwa amecheza kwa miaka mingi kama winga, akahamishiwa nafasi ya mtu mwingine aliyeondoka, na msimu huohuo wa 2009/10 wachezaji wenzake wa Uingereza wakamchagua mchezaji bora kijana wa mwaka. Kiangazi kilichofuata Manchester City walimchukua kwa thamani iliyotajwa kuwa pauni milioni 26. Kama angeshikilia kwamba yeye ni winga, huenda City wasingemtazama.

Akiwa City alitwaa ubingwa wa ligi mara mbili, 2012 na 2014, pamoja na Kombe la FA la 2011. Alipangwa kulia, kushoto, katikati, na washambuliaji walipoumia katika msimu wake wa mwisho akasimama mbele kabisa; tarehe 4 Januari 2015, siku aliyotimiza miaka 29, alifunga mabao yote mawili City ilipoifunga Sheffield Wednesday 2-1 katika Kombe la FA. Hata hivyo, mara nyingi katika mechi kubwa alianzia benchi. Mkataba ulipoisha mwaka 2015, klabu ilitaka abaki, lakini yeye alichagua kwenda Liverpool akiwa mchezaji huru, kwa sababu alitaka jambo moja: kucheza kiungo wa kati kila wiki.

Sasa tafakarini kilichompata, kwa maana hapa ndipo huwa nasimama kila ninapowasimulia vijana ninaowafundisha. Aliacha timu tajiri, akashusha hata idadi ya mataji aliyoweza kuyatarajia, ili apate katikati ya uwanja. Mwezi Oktoba mwaka huohuo kocha aliyemchukua, Brendan Rodgers, akaondolewa, akaja Jürgen Klopp. Na msimu wa 2016/17, Milner akiwa na miaka 30, Klopp akamfanya beki wa kushoto. Mtu wa mguu wa kulia, mwenye mataji mawili ya ligi, nahodha msaidizi, aliyehama mji kwa ajili ya kucheza kiungo, akaambiwa nenda namba tatu! Maneno yaleyale niliyoambiwa mimi Tanga nikiwa sina hata medali ya wilaya.

Hakuficha kwamba moyo wake ulikuwa katika kiungo. Hilo nalo ni funzo, kwa sababu kuna wanaodhani utii ni kujifanya unapenda. Mweleze mwalimu wako ukweli mara moja, faraghani, kwa adabu, kisha vaa viatu. Milner alicheza mechi 36 za ligi msimu ule, akafunga mabao 7, yote ya penalti, na Liverpool wakamaliza nafasi ya nne wakarudi Ligi ya Mabingwa Ulaya. Kwa kuwa mguu wake wa kushoto haukuwa sawa na wa kulia, alijipanga mapema zaidi, akafunga njia kabla winga hajageuka, na alipopanda alikata ndani na kupiga krosi kwa mguu wake wenyewe. Mtu aliyekuwa anasubiri msimu uishe asingejisumbua hivyo.

Mwaka 2017 Liverpool walimsajili Andrew Robertson, na Milner akarudi katikati. Msimu wa 2017/18 alitoa pasi 9 za mabao katika Ligi ya Mabingwa, ambayo wakati huo ilikuwa rekodi ya msimu mmoja wa mashindano hayo, akiwa amezungukwa na akina Salah, Mané na Firmino waliokuwa wakizigeuza kuwa mabao. Naamini kabisa kwamba mwaka aliokaa ubavuni ulimwonyesha uwanja kwa pembe ambayo kiungo wa kawaida haioni.

Lakini usiku ninaoukumbuka kuliko wote ni wa tarehe 7 Mei 2019. Nilikuwa kwenye kibanda umiza, saa nne usiku, watu wamebanana mpaka mlangoni, Liverpool wakiwa wamefungwa 3-0 na Barcelona katika mechi ya kwanza ya nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Mapumziko Robertson alikuwa ameumia. Klopp hakuhitaji kuingiza beki, kwa sababu beki alikuwa tayari uwanjani, amevaa jezi namba 7 na amecheza kipindi cha kwanza kama kiungo. Milner akahamia kushoto, Georginio Wijnaldum akaingia katikati, na ndani ya dakika kama 11 za kipindi cha pili Wijnaldum alikuwa amefunga mabao mawili. Divock Origi, aliyekuwa amefunga la kwanza, akamalizia la nne. Watu walipiga kelele za Wijnaldum na Origi, na walistahili. Mimi nilikuwa namtazama yule beki wa kushoto, ambaye mwishoni kamera zilimwonyesha akilia. Kama angekuwa amesusa mwaka 2016, badiliko lile lisingewezekana. Nililia pia, na kijana aliyekaa karibu nami alidhani ni furaha ya Liverpool.

Wiki chache baadaye, Madrid, aliingia katika fainali dhidi ya Tottenham akichukua nafasi ya Wijnaldum huyohuyo, na kombe likawa lao. Mwaka 2020 akapata ubingwa wake wa tatu wa ligi. Mwaka 2023 akahamia Brighton, klabu yake ya sita katika Ligi Kuu, na msimu wa 2024/25 ukawa wa 23 kwake katika ligi hiyo, idadi ambayo hakuna aliyewahi kuifikia kabla yake. Msimu huo huo goti lilimweka nje kwa miezi mingi, na ilisemekana kwamba alikuwa amemaliza. Tarehe 31 Agosti 2025, akiwa na miaka 39, alifunga penalti dhidi ya Manchester City, waajiri wake wa zamani, akiwa amevaa namba 20 kwa heshima ya marehemu Diogo Jota aliyecheza naye Liverpool.

Miaka hiyo yote haikuja kwa bahati. Milner hanywi pombe, na kila mwanzo wa msimu pale Liverpool, kwenye vipimo vya mbio, yeye ndiye aliyekuwa akibaki wa mwisho kusimama, mbele ya vijana aliowazidi zaidi ya miaka 10. Ninyi mnaoniandikia kuhusu wakala na majaribio ya nje, nawauliza kwanza: mnalala saa ngapi? Mnakunywa nini Jumamosi usiku? Kijana anayehamishwa nafasi akiwa na mwili mzima atajifunza. Kijana anayehamishwa akiwa amechoka atalaumu nafasi. Kubali nafasi, jifunze kazi yake, tunza mwili. Nimelisema hili mazoezini mpaka wachezaji wangu wanalimalizia kabla sijafika mwisho, na nitaendelea kulisema, kwa sababu mimi sikuwa na mtu wa kuniambia, au pengine alikuwepo nami sikumsikiliza. Mwalimu wangu wa Tanga alisema nina akili ya mpira. Leo, nikiwa nafundisha vijana wa chini ya miaka 17, najua kwamba kocha hamhamishi mchezaji asiyemwamini. Huyo humwacha alipo au humwacha nje kabisa.

Mwezi uliopita tulitwaa kombe la wilaya. Kijana aliyeinua kombe alianza mashindano akiwa kiungo mkabaji, akacheza nusu fainali kama beki wa kati na fainali kama beki wa kulia, na hakuna aliyethubutu kumwita kiraka kwa dharau mbele yangu.

Kijana wa Mbeya ameniandikia tena jana. Ameuliza, "Mwalimu, nikikubali, nitarudi lini winga?" Nimemwambia kwamba Milner alisubiri msimu mzima mpaka Robertson alipokuja, na kwamba katika msimu huo hakususa kazi. Jumamosi wana mechi ya ugenini. Nimemwomba ahesabu ni mara ngapi atarudi mbio baada ya kupanda, anitumie idadi hiyo kabla ya kunieleza matokeo.