Kobe huyo mtoe kwenye banda la chatu leo hii

Mtoe kobe huyo kwanza, mengine utayasoma baadaye. Umeuliza kama chatu wako wawili wanaweza kukaa na kobe banda moja ili kuokoa nafasi, walishwe mara ngapi na joto liwe kiasi gani. Mimi nilifanya hivyo hivyo nilipokuwa nikitunza nyoka katika bustani ya maonyesho, nikazika chatu watatu ndani ya majuma matano.

Aliyeniuzia kobe aliniapia kuwa ni mzima, kwa kuwa alikula majani kwa pupa na macho yake yalikuwa maangavu. Kobe alikuwa mzima kweli, na hapo ndipo penye hatari ambayo mfugaji mkongwe kama yule hakupaswa kunificha. Hasira yangu kwake haijapoa. Amiba, yaani kijidudu cha seli moja, iitwayo Entamoeba invadens huweza kuishi katika utumbo wa kobe bila kumdhuru, kisha hutoka na kinyesi ikiwa imejifungia ndani ya kifuko kigumu. Nyoka akinywa maji yenye vifuko hivyo, amiba hutoka humo, huvamia ukuta wa utumbo mpana, na damu huweza kuifikisha hadi kwenye ini.

Chatu jike niliyemweka na kobe alianza kwa kukataa sungura. Siku chache baadaye alitoa kamasi yenye damu, na nilipompapasa tumboni karibu na mkia, utumbo ulikuwa mgumu kama kamba iliyokazwa. Nilimhamishia banda la peke yake, nikadhani nimeyamaliza, kumbe karai lake la maji nililisuuza tu na kulipeleka kwa wale wawili waliobaki, ambao hawakuwahi kumwona kobe kwa macho. Karai lile ndilo lililowaua. Kwa hiyo nakusihi: kila banda liwe na karai lake, kibano chake na ufagio wake, na kobe ahudumiwe mwisho, baada ya nyoka wote.

Kesho asubuhi chukua kinyesi kibichi cha chatu wote wawili, ukifikishe kwa daktari wa mifugo kabla hakijakauka, kwa sababu amiba iliyo nje ya kifuko hufa upesi na huwa vigumu kuitambua kwa hadubini. Mweleze waziwazi kwamba walikaa na kobe. Metronidazoli, dawa ya kuua amiba, husaidia ikianza mapema, ila kipimo akipange yeye baada ya kuwapima uzito.