Klorini tunaweka kila jioni, mbona maji yana ukungu na macho ya watoto yanawasha?

SWALI: Salaam mtaalamu. Tuna bwawa la kuogelea nyumbani, Kigamboni. Urefu mita 8, upana mita 4, kina kinaanzia mita 1 hadi mita 2. Tunajaza kwa maji ya kisima chetu cha kuchimba. Kila jioni tunaweka klorini ya chenga, lakini maji yana ukungu, pembeni mwa ngazi kumeanza ukijani, na watoto wakitoka macho ni mekundu na wananuka dawa. Kwenye vigae, pale maji yanapoishia, kuna ukoko mweupe usiotoka kwa brashi. Kipimo chetu ni kile cha vichupa viwili: cha klorini kinatoa njano iliyokolea, cha pH (kiwango cha tindikali majini; namba ikiwa juu, tindikali ni kidogo) kinatoa nyekundu ya mwisho kabisa. Fundi anasema tuongeze klorini, jirani anasema tutie magadi soda. Tumsikilize nani?
Mama wa watoto watatu, Kigamboni

JIBU: Salaam mama. Magadi soda usitie hata kijiko. Klorini nayo iache kwanza leo, na watoto wasiingie mpaka upime upya, kwa sababu kipimo ulicho nacho kinakupa nusu tu ya habari.

Nianze na hiyo njano. Matone ya vipimo vya namna hiyo kwa kawaida ni othotolidini, na hugeuka njano yakikutana na klorini ya aina yoyote, iliyo hai na iliyokwisha nguvu. Klorini huru ndiyo inayoua vijidudu na mwani. Ikikutana na jasho na mkojo hugeuka kloramini, ambayo ni dhaifu mno katika kuua lakini kali kwa macho, na ndiyo yenye ile harufu tunayoiita harufu ya klorini. Bwawa lenye klorini huru ya kutosha halinuki hivyo. Kwa hiyo macho mekundu, harufu na ukijani vikija pamoja, mimi nasoma kwamba klorini huru imezidiwa, hata kama kichupa ni cha njano kama manjano ya pilau.

Tafuta kipimo cha vidonge vya DPD, maduka ya vifaa vya mabwawa wanavyo. Kidonge namba 1 kinaonyesha klorini huru kwa rangi ya waridi. Kisha kwenye maji yale yale, bila kumwaga, unaongeza namba 3 na kupata klorini jumla. Toa jibu la kwanza katika la pili; kinachobaki ndiyo kloramini. Ikizidi 0.5 ppm, yaani nusu miligramu kwa lita, kuna kazi ya kufanya. Kidonge usikishike kwa vidole, kiponde kwa kijiti safi. Na ukiona waridi imewaka halafu ikafifia mbele ya macho yako, usidhani klorini hakuna: imezidi mno hadi imeunguza rangi. Changanya sehemu moja ya maji ya bwawa na sehemu nne za maji ya chupa, pima, kisha zidisha jibu kwa 5.

Maji yenyewe yachotwe vizuri. Zamisha chupa mdomo ukiwa chini hadi kiwiko chako kiguse maji, ndipo uigeuze ijae. Kaa mbali na tundu linalorudisha maji kutoka kwenye pampu, na upime papo hapo kivulini. Maji ya juu juu yamepigwa jua na yana mafuta ya ngozi, hayawakilishi bwawa.

Sasa pH, na hapa ndipo ninapoona chanzo cha tabu yako. Vipimo vingi vya matone vinaishia 8.2 au 8.4. Rangi ikikaa kwenye kisanduku cha mwisho hujui pH ni ngapi. Unajua tu kwamba imefika huko au imepita. Klorini ikiwa ndani ya maji hugawanyika sehemu mbili, na inayoua kwa nguvu ni asidi ya haipoklorasi. Kwenye pH ya 7.2 sehemu hiyo ni karibu asilimia 70. Kwenye 7.5 ni nusu. Kwenye 8.2 inabaki chini ya asilimia 20. Fundi wako anaweza kumwaga ndoo nzima na sehemu kubwa ya dawa ikawa imelala tu majini.

Na kwa nini pH yako iko juu? Visima vingi vya ukanda wetu wa pwani vinapita kwenye matumbawe ya kale na mawe ya chokaa. Maji yanatoka yakiwa na ualikali mkubwa, ule uwezo wa maji kugoma pH isibadilike, pamoja na kalisi nyingi na hewa ya kaboni dioksidi iliyoyeyuka ndani. Yakifika juani hewa ile inatoka, na pH inapanda yenyewe bila mtu kutia chochote. Jaribu leo: chota ndoo ya maji ya kisima, pima pH, kisha yamimine kutoka ndoo hadi ndoo mara ishirini au thelathini na upime tena. Ukiona imepanda, umeona kwa macho yako kinachotokea bwawani kila siku. Magadi soda yangeongeza ualikali huo huo. Ushauri wa jirani unafaa kwa maji yenye ualikali mdogo, na bado sijaona dalili hiyo kwako.

Ule ukoko mweupe ni chokaa. pH kubwa, ualikali mkubwa, kalisi nyingi na joto vikikutana, chokaa inaganda kwenye vigae, ndani ya mabomba na juu ya mchanga wa filta. Sehemu ya ukungu unaouona huenda ni chembe zake zinazoelea. Klorini ya chenga, ambayo ni kalisi haipokloriti, inaongeza kalisi nyingine juu ya hiyo.

Pima ualikali na ugumu wa maji (wingi wa kalisi), ya bwawa na ya kisima. Ualikali tunautaka kati ya 80 na 120 ppm, ugumu kati ya 200 na 400, pH kati ya 7.2 na 7.6. Bwawa lako lina wastani wa kina cha mita 1.5, kwa hiyo 8 × 4 × 1.5 ni mita za ujazo 48, sawa na lita 48,000. Kwa ujazo huo, lita moja ya asidi ya haidrokloriki ya asilimia 33 inashusha ualikali kwa takriban 11 ppm. Ukikuta 220 na unataka 100, ni kama lita 11 kwa jumla, lakini usizitie kwa mkupuo. Tia lita moja, pampu iendelee kuzunguka kwa muda wa saa nne hivi, pima. Rudia mpaka pH ifike 7.2, kisha simama. Elekeza matundu ya kurudisha maji juu ili uso wa bwawa utibuke kama maji yanayochemka. pH itapanda taratibu lakini ualikali utabaki pale uliposhuka. Ikifika 7.6, tia tena. Inaweza kuchukua wiki mbili, na haina njia ya mkato iliyo salama.

Asidi inatiwa kwenye maji, kamwe maji yasitiwe kwenye asidi. Vaa miwani na glavu, upepo uwe mgongoni. Asidi na klorini zisikutane kamwe, hata kwa kutumia ndoo moja ambayo haijasuuzwa: inatoka gesi ya sumu. Na klorini ya chenga isichanganywe na vidonge vya klorini vinavyoyeyuka polepole. Ni dawa mbili tofauti, na zikikutana zinaweza kuwaka moto au kulipuka. Zihifadhi mbalimbali, pakavu, watoto wasipofika.

pH ikitulia ndipo urudi kwenye klorini. Tuseme kloramini ni 1 ppm: unahitaji mara kumi yake, yaani 10 ppm. Kwa bwawa lako ni takriban gramu 740 za chenga za asilimia 65, zilizoyeyushwa kwenye ndoo ya maji. Maji yatangulie, chenga zifuate. Fanya jioni, kwani jua la mchana linaimaliza klorini isiyo na kinga ndani ya saa chache. Kinga hiyo ni asidi ya sayanuriki, dukani wanaiita stabilaiza, nayo iwe 30 hadi 50 ppm. Kama umekuwa ukitumia chenga tu, huenda huna hata kidogo. Kwa hali yako ningependa baada ya hapo utumie vile vidonge vya klorini kwa muda, kwenye kielea kipya, kile kikopo cha vidonge kinachoelea majini: vina tindikali, haviongezi kalisi, na kilo 2.7 hivi vitakufikisha 30 ppm ya stabilaiza. Zikiisha, acha, uhamie klorini ya majimaji, iliyo mpya kutoka dukani. Stabilaiza ikizidi haina dawa ila kumwaga maji.

Filta ioshwe kwa kurudisha maji nyuma kila presha inapopanda nusu ba (bar, kipimo cha presha) juu ya ile ya mchanga safi. Ukijani wa kwenye ngazi usugue kwa brashi kabla ya kutia dawa, maana utelezi wake unaukinga mwani.

Watoto waingie ukiwa umesimama upande wa kina kirefu na unaona skrubu za mfuniko wa tundu la chini, klorini huru iko kati ya 2 na 3, kloramini haizidi 0.5, na pH haijavuka 7.6.