Maswali yenu: mazoezi ya kupumua tumboni

Nina mimba ya wiki 32. Kwenye ultrasaundi nikaambiwa mtoto "anapumua". Anapumua nini humo majini?

Hewa hapumui, mama. Oksijeni yake inapita kondo la nyuma na kitovu. Ulichoonyeshwa ni kiwambo, msuli ulio chini ya mapafu, kikipanda na kushuka. Mazoezi hayo huanza karibu wiki ya 10 au 11, kwa kushtukashtuka, na miezi ya mwisho huchukua karibu theluthi ya muda wake. Katikati hutulia kabisa, wakati mwingine kwa dakika nyingi, hivyo mpimaji akikwambia tusubiri, msubiri. Mapafu yasiyofanyishwa mazoezi hubaki madogo.

Nani anamfundisha?

Hafundishwi. Kwenye shina la ubongo, juu tu ya uti wa mgongo, kuna fundo dogo la seli za neva linalopiga mdundo wa pumzi. Linaitwa preBötzinger, lilielezwa mwaka 1991, na jina lina asili ya divai ya Kijerumani. (Lingegunduliwa Tanga huenda tungeliita Mnazi.)

Seli hizo zina vipokezi, na mimi huviita masikio, kwa kuwa kila kimoja husikia kemikali yake. Kipokezi cha opioidi (dawa kali za maumivu, jamii ya mofini) kikisikia, mdundo hupungua. Cha adenosini, kemikali ya mwili wenyewe, vilevile: oksijeni ikishuka, adenosini hupanda, na kijusi huacha kupumua. Mimi na wewe tungehema zaidi! Lakini kwake ni busara, maana pumzi zile hazimletei hewa, zinamla nguvu tu.

Kuna na kemikali iitwayo GABA. Kwa mtu mzima hutuliza seli. Kwa panya walio tumboni imeonekana kuzichochea, kwa sababu kloridi, chembe ya chumvi, bado imejaa ndani ya seli. Ikishatolewa, kichocheo kilekile hugeuka breki.

Mjukuu wangu alizaliwa wiki ya 29. Alikuwa akisita kupumua, muuguzi anamsugua wayo ndipo avute hewa. Baadaye wakampa dawa, wakasema ni ya kahawa. Nilisikia vibaya?

Shikamoo bibi. Ulisikia sawasawa. Mtoto njiti ametoka nje, ila ubongo wake bado una mazoea ya tumboni: hewa ikipungua kidogo, ananyamaza. Kafeini, kile kichangamshi cha kwenye kahawa, huziba kile kipokezi cha adenosini, amri ya "acha" isisikike. Kumsugua wayo kunamshtua kwa mara ile. Dawa inamlinda saa zote.

Ni kafeini saitreti, na dozi ya kwanza kwa kawaida ni miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito. Matokeo ya utafiti mkubwa yaliyotoka 2006, kwa watoto 2,006 waliozaliwa na gramu 500 hadi 1,250, yalionyesha kwamba waliopewa waliachana na mashine za kusaidia kupumua karibu wiki moja mapema. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa njiti wanaosita kupumua. Ya kwenye birika, bibi, asionjeshwe hata kijiko.

Basi mjamzito akinywa kahawa nyingi, mtoto atapumua vizuri zaidi?

Hapana. Tumboni hana haja ya kuzibiwa chochote, na anayezidisha miligramu 300 za kafeini kwa siku anashauriwa apunguze, maana huhusishwa na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Chai na soda za kola nazo zina kafeini.

Na sigara?

Hapo sina mzaha. Nikotini hushika vipokezi vyake kwenye shina la ubongo likiwa bado linajengwa, na watoto wa mama wanaovuta wako hatarini zaidi kufa ghafla usingizini.

Niliomba sindano ya pethidini wakati wa uchungu. Mkunga akaniuliza mara mbili njia imefunguka kiasi gani. Kwa nini?

Pethidini ni opioidi, na inavuka kondo. Ukijifungua saa mbili tatu baada ya kuchomwa, mtoto anaweza kutoka mzito wa kuvuta pumzi. Alikuwa anapiga hesabu ya saa.